Saa ya Kuondoka kwenda Maungu

Kabla ya reli, msafara uliotoka Mombasa kwenda Taveta na Kilimanjaro ulipitia Rabai, ukanywa kwenye ngurunga za Taru, yale mashimo ya maji mwambani, kisha ukaingia nyika kavu hadi kilima cha Maungu. Maji ya Maungu yenyewe yalikuwa juu kilimani, kwa hiyo mpagazi aliyefika hoi ilimbidi akwee ndipo anywe. Mpelelezi wa Kiskoti Joseph Thomson alipita njia hiyo mwaka 1883. Wanaosoma habari za safari hizo leo husifu uvumilivu wa wapagazi, kana kwamba miili yao iliumbiwa kiu. Sifa hiyo naiona imewekwa pasipo pake: kilichowafikisha Maungu ni saa ya kuondoka.

Mwili wa binadamu hulinda joto lake la ndani lisiachane sana na nyuzi 37. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi, hubaki njia moja tu ya kujipoza, nayo ni jasho linalokauka. Lita moja huondoa takriban kilokalori 580. Jasho hilo hutokana na maji ya damu. Figo hubana mkojo na kiu hupanda, ila figo huhifadhi tu, haziongezi hata tone. Mtu atasema wapagazi walikuwa wamezoea. Kweli, mazoea yapo: baada ya wiki moja au mbili za joto, jasho huanza mapema, huwa jingi zaidi na chumvi yake hupungua. Maana yake ni kwamba mzoefu wa jua hutumia maji mengi kuliko mgeni! Choroa wa nyika hizo hizo huweza kuacha joto lake lipande kupita nyuzi 45 ili asipoteze maji. Binadamu angekufa kabla ya hapo.

Basi akiba ilitafutwa nje ya mwili, katika desturi ya tirikeza. Msafara ulipika na kunywa mahali penye maji, ukaondoka alasiri, ukalala njiani pasipo maji, ukaamka kabla ya alfajiri. Mpagazi mwenye frasila mbili, kilo zipatazo 30, alivuka sehemu kubwa ya ukame bila kutembea saa za adhuhuri. Yuko atakayepinga kwamba hiyo ilikuwa hesabu ya umbali tu. Lakini umbali ni ule ule hata ukiondoka asubuhi. Kinachobadilika ni jua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wapo walioanguka njiani hata hivyo. Ni kweli, kwa sababu tirikeza ilipunguza matumizi tu, na maji yakikosekana mwisho wa safari hakuna saa ya kuondoka inayoyaleta.

Reli ilipopita mwishoni mwa miaka ya 1890, vibarua walifanya kazi mchana katika nyika ambayo misafara iliikwepa saa hizo, maana sasa maji yaliwafuata kwa treni.