Rosa Mistika Mbele ya Msomaji wa Suneka: Mimba, Mahari na Mlango wa Shule

1. Utangulizi

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1971. Mwandishi wake, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alikuwa bado kijana. Kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye kikaruhusiwa na kufundishwa. Kwa sababu ya historia hiyo, mjadala juu yake umeelekea mno upande mmoja: je, riwaya inayosimulia mapenzi na uavyaji mimba bila kuficha inafaa kuwekwa mikononi mwa vijana?

Makala haya hayakusudii kulirudia swali hilo. Yanauliza jingine: mimba anayoiavya Rosa ni hatia ya nani? Ili kulijibu, tutaisoma riwaya tukiwa tumesimama Suneka, soko la Bonchari lililo kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Migori. Ukerewe ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, na mto Gucha wa Ugusii humwaga maji yake katika ziwa hilo hilo. Lakini si maji tu yanayoziunganisha sehemu hizi. Familia ya Rosa imebanwa kati ya mamlaka ya baba, dini ya misheni na shule ya serikali, na hali hiyo Wagusii wanaijua vema. Wamishenari Wakatoliki walianza kazi Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911, nao Waadventista wakafuata Nyanchwa. Hivyo msomaji wa Suneka si mgeni katika nyumba ya Zakaria.

2. Nyumba ya baba

Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe, Regina, na kuwachunga binti zake kwa ukali. Mapema katika riwaya, Rosa anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipigo hicho ndicho elimu yote ya uhusiano wa mume na mke ambayo baba anampa mwanawe. Rosa anafundishwa kuwaogopa wanaume, hafundishwi kuwajua. Anapofika shule ya sekondari Mwanza, hofu hiyo inamlinda kwa muda, kisha inamwacha mikono mitupu mbele ya Deogratias, mtu mzima mwenye cheo. Kutoka hapo anaendelea kuporomoka hadi chuo cha ualimu cha Morogoro, ambako anaavya mimba. Mwishoni mchumba wake, Charles, anamkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua.

Kwa nini baba amchunge binti kwa namna hii? Kwa upande wa Ugusii, jibu moja lilitolewa na Philip Mayer katika utafiti wake wa mwaka 1950 juu ya mahari ya Wagusii. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti hawakuwa mali ya kutumiwa ovyo. Kwa kawaida walitengwa ili ndugu yake wa tumbo moja apate kuoa. Hivyo ndoa ya dada ilibeba ndoa ya kaka, na mwenendo wa msichana ukawa hesabu ya nyumba nzima. Katika hesabu ya namna hiyo, mimba isiyotanguliwa na ng'ombe haikuwa aibu tu. Ilikuwa hasara ya watu waliokuwa wakingoja.

Haifai, hata hivyo, kuitwika mahari lawama yote, kama wafanyavyo wengi. Thomas Håkansson, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya mahari, wanawake na ardhi katika Ugusii, alionyesha kwamba wakati huo vijana wengi walikuwa wameanza kuishi pamoja bila ng'ombe kutolewa. Je, wanawake walipata uhuru? La hasha. Ardhi ilikuwa imepungua, na mke ambaye hakutolewa mahari alikuwa na haki dhaifu juu ya shamba, yeye na wanawe. Ng'ombe walitoweka, lakini hofu waliyoiacha nyuma haikutoweka. Basi msichana wa Suneka wa kizazi hicho angeweza kupata mimba akiwa hana ulinzi wa mila wala wa kitu kingine kilichoshika mahali pake.

3. Sheria na shule

Sheria nazo zilimwendea Rosa kwa upande mmoja. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanganyika, ambazo zote mbili ni za mwaka 1930, ziliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, na hadi miaka 7 kwa mwanamke anayejitoa mimba mwenyewe. Vifungu hivyo havimgusi mwanamume aliyempa mimba kisha akaenda zake. Nchini Kenya ilikuwapo sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto matunzo. Bunge liliifuta mwaka 1969, miaka miwili kabla ya riwaya hii kutoka. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwaka ule ule wa riwaya, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Ni dhahiri kwamba msichana alihesabiwa kuwa amekomaa vya kutosha kuolewa, lakini akibeba mimba hakuhesabiwa kuwa anastahili kubaki darasani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa msichana aliyekuwa akisoma, mimba ilikuwa na maana ya kufukuzwa, na kufukuzwa kulikuwa na maana ya kurudi kwa baba. Mbele ya milango hiyo miwili, mmoja ukifungwa nyuma yake na mwingine ukimngoja kwa fimbo, uavyaji mimba haukuwa uchaguzi kati ya wema na ubaya. Kenya iliweka utaratibu wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua mwaka 1994, na Tanzania ikatangaza vivyo hivyo Novemba 2021, miaka 50 baada ya riwaya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza uavyaji mimba ila pale maisha au afya ya mama yanapokuwa hatarini, au panapohitajika matibabu ya dharura, au sheria nyingine inaporuhusu. Katiba hiyo hiyo inamtwika baba wajibu wa malezi sawa na mama, wawe wameoana au la. Kilichoondolewa mwaka 1969 kimerudishwa kwa maandishi, lakini maandishi peke yake hayamfikishi baba nyumbani.

4. Hukumu ya riwaya

Kezilahabi hakumwachia msomaji hukumu nyepesi. Baada ya kifo, anawafikisha binti na baba mbele ya Mungu, na kesi ambayo kijiji kilikuwa kimekwisha kuiamua inafunguliwa upya. Ingetosha, kwa mwandishi mwenye nia ya kuonya wasichana tu, kumzika Rosa na kufunga kitabu. Kwa kumleta Zakaria kizimbani, mwandishi anakiri kwamba dhambi hii ina wazazi.

Hata hivyo, riwaya ina udhaifu. Mara nyingi tunamwona Rosa kwa macho ya wanaomtazama, na ni mara chache tunamsikia akipima mwenyewe la kufanya. Aidha, kifo chake kinaweza kusomwa kama malipo. Ndiyo sababu inafaa kuisoma riwaya hii pamoja na hadithi fupi ya Mohammed Khelef Ghassany, "Mame Bakari", iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba (2016), ambao umesomwa katika shule za upili za Kenya. Sara, aliyebakwa, anawaza kuiavya mimba, na anachokiogopa ni baba, shule na majirani, vile vile kama Rosa. Wazazi wanapojua, hawamfukuzi. Tofauti kati ya hatima za wasichana hawa wawili haiko katika tabia zao, bali katika jinsi nyumba zao zilivyowapokea.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uavyaji mimba katika Rosa Mistika hauwezi kuelezwa kwa kuangalia mwenendo wa msichana mmoja. Ni tukio lililoandaliwa na baba asiyezungumza na mwanawe, mtu wa cheo asiyeulizwa, shule iliyofukuza, sheria iliyoona upande mmoja na mchumba aliyedai usafi asioudai kwake mwenyewe. Mwalimu anayeifundisha riwaya hii Suneka, au popote pengine, hana budi kulikumbuka hilo, kwa kuwa katika darasa lake huenda yumo msichana ambaye tayari ana siri kama ya Rosa. Akisikia Rosa akiitwa malaya, atajua kwamba mwalimu naye ni mlango uliofungwa. Akisikia makosa ya wote yakitajwa kwa haki, huenda akasema kabla ya kuchelewa.