Thredi, kufuli na chombo kilichojizima kule Mars

Wadau, programu moja inaweza kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Kila kazi inakwenda kwa mkondo wake, na mkondo huo ndio unaitwa thredi. Kila thredi ikiwa na vitu vyake hakuna noma. Kasheshe inaanza pale zinapogombea kitu kimoja.

Chukua akaunti yenye shilingi 10,000. Thredi mbili zinataka kuingiza 5,000 kila moja. Ya kwanza inasoma 10,000. Kabla haijaandika jibu, ya pili nayo inasoma 10,000 hiyohiyo. Zote zinaandika 15,000. Elfu tano imeyeyuka na hakuna aliyeiba! Na ubaya wake, unaweza kuijaribu programu mara mia ikakubali, halafu ikakuumbua mbele ya mteja.

Dawa ni kufuli: thredi inafunga, inasoma, inaandika, inafungua, na nyingine inasubiri nje. Kwenye Java unaandika synchronized, kwenye C kuna pthread_mutex_lock. Wengi wakifika hapo wanaona wamemaliza. Bado!

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha NASA, Mars Pathfinder, kilitua Mars. Siku chache baadaye kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe, na kazi za siku hiyo zinasogezwa hadi kesho yake. Ndani kulikuwa na thredi tatu, tuziite mdogo, wa kati na mkubwa. Mdogo, wa vipimo vya hali ya hewa, alishika kufuli. Mkubwa, msimamizi wa njia ya data, akawa analisubiri hilohilo. Mara akaja wa kati, wa mawasiliano, ambaye kufuli hata halimhusu, akamnyang'anya mdogo zamu. Mdogo hapati zamu, kwa hiyo hafungui, na mkubwa amekwama nje. Saa ya ulinzi ikaona kazi muhimu imechelewa, ikawasha kompyuta upya.

Mafundi wa JPL, California, waliirudia hitilafu hiyo kwenye mashine pacha iliyobaki huku duniani. Tiba yake Sha, Rajkumar na Lehoczky walishaiandika mwaka 1990: aliyeshika kufuli aazimwe kipaumbele cha mkubwa anayemsubiri, amalize haraka, afungue. VxWorks, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo, ulikuwa nayo tayari, ila kwenye kufuli lile ilikuwa imezimwa. Jamani! Wakatuma marekebisho kwa redio, ikawashwa, na kujizima kukakoma. Chombo kilichopangiwa siku 30 kikaendelea kutuma data hadi 27 Septemba 1997.