Mtaro unaishia kwa nani?

Najua nimepotea, msinilaumu. Wiki mbili hizi nimekuwa kwenye vimbwete asubuhi na jioni napiga msuli wa insha ya historia, na mvua nayo haikunipa nafasi. Wengi mmeniuliza kwa nini nimechagua mada ya majitaka wakati wenzangu wanaandika juu ya Maji Maji na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mshikaji wangu wa chumbani ndo kanicheka kabisa, ati "insha ya mavi". Haya, leo nawajibu wote kwa mpigo.

Jumapili ya kabla ya juzi nilishuka bondeni kumsalimia mama mdogo. Anakaa upande wa Kigogo, karibu na Mto Msimbazi, toka mimi niko mdogo. Kabla sijamaliza shikamoo akanikatiza: "Marahaba mwanangu, pita huku kwenye matofali, hapo utazama." Uani palikuwa tope tupu, na harufu yake si ya tope peke yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtaa wa juu yake wamejengewa mtaro wa zege, mzuri, una na mifuniko. Watu wa juu wanashukuru, barabara yao haijai tena. Ila mtaro wenyewe unakoma hatua kama thelathini kabla ya kufika mtoni, na pale unapokoma ndipo ilipo nyumba ya mama mdogo na za jirani zake wawili. Mvua ikipiga, maji yote ya mtaa wa juu yanashukia uani kwake. Na mnajua tabia ya mji wetu, mawingu yakitanda tu kuna watu wanatapisha vyoo. Kwa hiyo yanayomfikia si maji ya mvua tu.

Huyu ni mtu aliyekwisha kuonja mafuriko ya Desemba 2011. Mimi nilikuwa darasa la pili. Watu wapatao 40 walikufa Dar katika siku zile, na baadhi ya familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Yeye alipoteza cherehani, godoro na vyeti vyote vya watoto. Sasa akaniuliza, kwa upole tu huku anamwaga chai: "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Hivi wakati wanaupima huu mtaro, hakuna aliyeuliza maji yataishia wapi?"

Sikuwa na jibu, nikanywa chai. Lakini swali likanifuata hadi maktaba, na huko nikakuta kwamba lilishaulizwa London zaidi ya miaka 160 iliyopita. Tena aliyeuliza alikuwa mkubwa serikalini, na bado hakusikilizwa!

Twende taratibu. London ya miaka ya 1850 ilikuwa na watu kama milioni mbili na nusu. Zamani nyumba zilikuwa na mashimo ya choo, na kulikuwa na watu wa kuyachota usiku. Kisha vyoo vya kuvuta maji vikaenea, mashimo yakafurika, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 wakuu wa jiji wakahimiza nyumba ziunganishwe na mabomba yaliyojengwa kwa ajili ya maji ya mvua. Mabomba yale yaliishia Mto Thames, katikati ya mji. Na kampuni za maji zilikuwa zinachota maji ya kunywa humo humo. Matokeo yake kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 London peke yake, na kile cha 1853 na 1854 kikaua zaidi ya 10,000.

Mwaka 1855 Bunge likaunda Bodi ya Kazi za Jiji. Mhandisi wake mkuu akawa Joseph Bazalgette. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza: chimba mabomba makubwa sambamba na mto, yanase majitaka kabla hayajaingia Thames, yayapeleke mashariki mwa jiji na kuyamwaga huko wakati maji yanapokupwa ili bahari iyachukue.

Hapa ndipo historia inaponoga. Sheria ile ya 1855 ilikuwa imeweka sharti kwamba majitaka yasimwagwe Thames ndani ya jiji wala karibu nalo, na mpango mkuu lazima upate kibali cha serikali. Leo tungeiita tathmini, japo ya kienyeji. Aliyekuwa na mamlaka ya kibali, Benjamin Hall, akaurudisha mpango wa Bazalgette. Alisema mahali pa kumwagia ni karibu mno, maji yakijaa uchafu utarudi mjini. Akateua wataalamu watatu, nao mwaka 1857 wakashauri mabomba yaende mbali zaidi kuelekea bahari kuu. Lakini mpango wao ulikuwa ghali kama mara mbili ya ule wa Bazalgette. Sasa nani alipe hiyo nyongeza? Bodi ikasema serikali ilipe, serikali ikasema wenye nyumba wa London walipe. Mabishano yakaenda hadi 1858 bila hata futi moja ya mpango huo kuchimbwa.

Halafu likaja joto la Juni 1858. Mto ukachacha, na Bunge liko pale pale ukingoni. Wabunge wakaloweka mapazia kwenye dawa ya chokaa, haikusaidia. Kumbukeni kwamba wakati huo wakubwa wengi bado waliamini ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow, aliyekuwa amekwisha kuonyesha kwamba kipindupindu kinapita kwenye maji ya kunywa, alifariki mwezi huo huo, tarehe 16. Maskini walikuwa wamekufa kwa maelfu kwa miaka mingi na fedha hazikupatikana. Harufu ilipoingia Bungeni, muswada ulipelekwa katikati ya Julai na tarehe 2 Agosti ukawa sheria. Siku 18!

Aliyeupeleka ni Waziri wa Fedha, Benjamin Disraeli, na kwa upande wa fedha kwa kweli alijua kupanga. Bodi iliruhusiwa kukopa pauni milioni 3, serikali ikaweka dhamana ili riba iwe ndogo. Deni lilipwe kwa kodi ya majengo, peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya pango la nyumba kwa mwaka, kwa muda wa miaka 40. Pauni ya wakati ule ilikuwa na peni 240, kwa hiyo ni kama asilimia moja na robo. Yaani mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuja kulipia bomba hilo akiwa baba wa watu. Ni haki, maana naye alilitumia.

Ila sheria hiyo hiyo ilifanya jambo la pili ambalo watu hawalisemi sana. Iliondoa kile kibali cha serikali. Bodi ikapewa fedha na uhuru wa kuamua yenyewe bomba litaishia wapi. Swali la Hall likafa hapo.

Kazi ilianza 1859 na si mchezo: kilomita 132 za mabomba makuu, matofali milioni 318, gharama ikavuka pauni milioni 4. Kituo cha pampu cha Crossness kikafunguliwa Aprili 1865. Na yalifanya kazi! Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi na kuua zaidi ya watu 5,500 London ya mashariki, sehemu ambayo mabomba yake yalikuwa hayajakamilika na maji yake ya kunywa yalichafuka. Baada ya hapo London haikupata tena janga la namna ile. Kwa hiyo sitaki mtu aseme namdharau Bazalgette. Aliokoa watu wengi kuliko majenerali tuliowakariri sekondari.

Lakini majitaka ya London yalikuwa hayajaisha, yalikuwa yamehamia kwa watu wengine. Upande wa kaskazini yalitokea Beckton karibu na Barking, upande wa kusini Crossness. Wakazi wa Barking wakalalamika mapema tu, na uchunguzi ukafanyika 1869 bila kubadilisha kitu. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice ikagongwa na kuzama karibu na matundu hayo hayo, kama saa moja baada ya majitaka kufunguliwa. Walikufa watu wapatao 650, na walionusurika walisimulia ladha na harufu ya maji yale. Ndipo mwaka 1882 ikaundwa tume ya kifalme, na mwaka 1884 ikasema wazi kwamba haifai kumwaga majitaka mabichi pale. Wakaanza kutenganisha tope, na toka 1887 meli zikawa zinalipeleka kulimwaga baharini. Mchezo huo uliendelea mpaka 1998, fikirieni!

Kosa la pili lilikuwa ndani ya mabomba yenyewe. Majitaka na maji ya mvua yalipita bomba moja. Mvua kubwa ikija, lazima pawe na matundu ya dharura ya kumwagia mtoni, la sivyo uchafu urudi majumbani. Jiji likakua hadi watu karibu milioni 9, zege likafunika ardhi, na ile dharura ikawa kawaida. Ilifika mahali mto unapokea karibu tani milioni 39 za mchanganyiko huo katika mwaka wa kawaida, na mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ikaitia Uingereza hatiani.

Dawa yao ni handaki la Tideway: urefu kilomita 25, upana zaidi ya mita 7, gharama zaidi ya pauni bilioni 4, limeunganishwa lote Februari 2025. Fedha zimetoka kwa wawekezaji kupitia kampuni maalumu, na zinarudishwa kwenye bili za majitaka za wateja. Safari hii kulikuwa na ripoti kamili ya athari kwa mazingira na miezi sita ya usikilizaji kabla ya kibali cha 2014. Wananchi wa Rotherhithe walipinga bustani yao kufanywa eneo la kuchimbia, wakashinda, kazi ikahamishiwa Chambers Wharf. Na wa Chambers Wharf je? Wakalalamika wao. Tathmini haifuti mzigo, lakini angalau mwenye kubebeshwa anajulikana kabla ya koleo kuingia ardhini, na anaweza kusema.

Turudi kwetu. Sisi sheria tunayo, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na tathmini za miradi mikubwa zinapitia NEMC. Mikopo tunayo pia. Mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, ulipata dola milioni 300 za Benki ya Dunia mwaka 2015, na mradi wa Bonde la Msimbazi ukapata mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, pamoja na fedha za Hispania na Uholanzi. Hiyo mikopo ni ya miaka mingi kama ile ya Disraeli. Mimi na wewe tunaosoma kwa bumu la mkopo, tutailipa na hiyo vilevile. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza.

Miradi ya ukubwa huo inaandikiwa tathmini nene na mpango wa fidia. Wasiwasi wangu uko kwenye mitaro midogo, ile ya mtaa mmoja, ambayo hakuna mtu anayeisomea ripoti. Bajeti inatosha mpaka pale inapotosha, kazi inakabidhiwa, picha zinapigwa. Hatua thelathini za mwisho zinaachiwa mtu wa chini. Kwenye karatasi mradi umekuwa nafuu, kumbe sehemu ya gharama inalipwa na mama mdogo kwa matofali, dawa za kuhara na godoro jipya.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua, nacho niliandika kwenye insha. Hall alikuwa na hoja, lakini wakati anabishana na Bodi watu wa London waliendelea kuishi na mto mchafu. Uchunguzi usio na fedha unaweza kuwa njia nzuri ya kutofanya lolote. Disraeli alileta fedha akalitupa swali. Nadhani vyote viwili vinatakiwa kukaa meza moja: ukiuliza maji yataishia wapi, papo hapo useme nani analipa mpaka yafike huko. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Fafanua." Haya, nitafafanua.

Jumamosi nilirudi bondeni. Tumeandika barua na mama mdogo na wale jirani wawili, ukurasa mmoja tu. Hatukuandika "tunaomba msaada". Tumeomba mambo matatu: tuonyeshwe mchoro wa mtaro, tuambiwe mwisho wake uliopangwa ni wapi, na bajeti ijayo iziweke zile hatua thelathini. Ataipeleka ofisi ya mtaa Jumatatu na kudai nakala igongwe muhuri. Mama mdogo aliisoma mara mbili, akaniambia nifute maneno ya Kiingereza. Nikafuta.

Sasa wale wa sheria na wa uhandisi mnaosoma hapa, kama kuna kitu tumekosea kwenye barua niambieni kabla ya Jumatatu. Nipo kwenye vimbwete vya kila siku, mkinikosa mwachieni mshikaji wangu wa chumbani. Jana nilimkuta anaisoma insha kimya kimya.

Naenda kulala, kesho saa moja nina tesiti na desa sijalifungua.