Vilima vya Bukavu: lava ya zamani na watu wanaotafuta pa kukaa

Maji ya bonde la Kivu hayakwenda Tanganyika tangu mwanzo. Zamani yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nili, mpaka volkeno za Virunga zilipotapika na lava ikaziba njia. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, na miaka kama elfu kumi iliyopita yakapata mlango upande wa kusini. Mlango huo ndio Ruzizi. Rasi tano ambazo Bukavu imezinyoosha ziwani kama vidole ni migongo ya vilima iliyobaki juu wakati mabonde ya katikati yalipozama.

Vilima hivyo navyo ni lava, ila ya zamani zaidi, iliyooza kwa mvua mpaka ikawa udongo mwekundu wenye kina kirefu. Kwa migomba, maharagwe na malisho, ni udongo mzuri. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji mengi, na ukishalowa kabisa huteleza. Bashi walikaa hapo wakitawaliwa na Mwami wa Kabare, kila boma ndani ya migomba yake, mbali na boma la jirani. Jina Bukavu lenyewe wazee hulieleza kwa neno la mashi, bunkafu, yaani mahali pa ng'ombe.

Wabelgiji walipenda baridi ya hapa. Mwaka 1927 mji wakauita Costermansville, kwa jina la afisa wao Paul Costermans. Jina Bukavu lilirudi katika miaka ya 1950. Wazungu walichukua rasi, wafanyakazi Waafrika wakapewa Kadutu, baadaye na Bagira. Nje ya mji, kampuni ya kikoloni CNKi, iliyoanzishwa 1928, ikapewa madaraka juu ya ardhi kubwa, na vilima vya Bushi vikageuka mashamba ya kahawa, chai na miti ya kwinini. Mwenye ng'ombe akawa kibarua. Hata sambaza, ambao leo hakuna mama wa Bukavu asiyewajua, waliletwa: ni ndakala wa Tanganyika, waliomwagwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Si vita peke yake vilivyohamisha watu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975 hadi kilomita za mraba 6,000, na Batwa wakatolewa msituni walimozaliwa bila kupewa ardhi nyingine ya maana. Jambo hilo halijamalizika mpaka leo.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Familia za Walungu, Shabunda, Mwenga na Kalehe zilikimbilia mjini, na mji uliopangwa kwa watu wachache ukapita milioni moja. Rasi zilikuwa na wenyewe. Mkimbizi akabaki na mteremko na bonde la mtaro, akachimba kilima, akasimamisha nyumba ya mbao. Katika mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, Mei 2023, watu zaidi ya 400 walikufa Kalehe, na waliopona wengine walihama tena. Februari 2025 M23 ikaingia Bukavu, na familia zilizokuwa zimeanza kutulia zikafunga mizigo upya.

Mahali pa kuangalia ni Funu. Hapo sehemu nzima ya kilima inatembea polepole, na nyumba zikiwa juu yake. Wataalamu waliolinganisha picha za ndege za wakati wa ukoloni na zile za satelaiti wameona mwendo huo umeongezeka kadiri nyumba zilivyojaa. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati, mifereji isiyofika mbali na mabomba yanayovuja yote huingia ndani ya udongo uleule.

Familia inayotafuta chumba huko juu inaweza kuyasoma haya kwa macho kabla ya kulipa garanti. Miti iliyoinama upande mmoja, ufa unaokata ukuta kwa mshazari na kurudi kila ukizibwa, ngazi zilizoachana na mlango, chemchemi iliyotokea mahali ambapo haikuwepo. Na waulizwe majirani wa muda mrefu, si mwenye nyumba, ni wapi ukuta ulijengwa mara ya pili.