Nyimbo 24 na Kipimo cha Haki: Fidia za Uharamia wa Muziki Nchini Marekani

Mwaka 2003, kampuni kubwa za kurekodi muziki nchini Marekani zilianza kuwashtaki watu binafsi waliosambaza nyimbo kupitia intaneti bila idhini. Katika miaka mitano iliyofuata, zaidi ya watu 30,000 waliandamwa, na wengi wao walilipa ili shauri limalizwe nje ya mahakama. Mwanamke mmoja wa jimbo la Minnesota alikataa.

Madai dhidi yake yalihusu nyimbo 24. Mwaka 2007, jopo la raia lilimtaka alipe dola 222,000. Hukumu hiyo ilitenguliwa kutokana na kasoro katika maelekezo ya jaji kwa jopo. Jopo la 2009 lilitoza dola 1,920,000, na la 2010 dola 1,500,000. Mara mbili jaji alipunguza kiasi hicho hadi dola 54,000. Mwaka 2012, mahakama ya rufani ilirejesha dola 222,000, yaani dola 9,250 kwa wimbo uliouzwa kwa takriban dola moja.

Chanzo cha tofauti hizo ni sheria yenyewe. Tangu 1999, fidia kwa kila kazi iliwekwa kati ya dola 750 na 30,000, na hadi 150,000 kwa kosa la makusudi, bila kutenga viwango vya mfanyabiashara na vya mtumiaji wa nyumbani.

Watetezi wa sheria hiyo wana hoja nzito. Hasara ya usambazaji haihesabiki kwa urahisi, na mkosaji akitozwa bei ya wimbo tu, hapati sababu ya kuacha. Msanii naye hubaki bila jasho lake.

Hata hivyo, mahakama ya rufani iliegemea uamuzi wa 1919 uliohusu reli ya Arkansas. Kampuni ya reli ilimzidishia abiria nauli kwa senti 66, ikatozwa dola 75, na Mahakama ya Juu ikaona adhabu hiyo ni halali. Katika shauri hilo, adhabu ilimkinga abiria dhidi ya kampuni yenye nguvu. Katika shauri la Minnesota, kampuni ndizo zilizokingwa dhidi ya mtu mmoja, tena kwa uwiano mkubwa zaidi.

Hivyo, kuadhibu uharamia ni haki. Kisicho haki ni kumbebesha mtu mmoja gharama ya kuwatisha maelfu wengine. Sheria ni msumeno, lakini fundi hupima ubao kabla ya kuukata.