Kuku wa Jubilii

Mwaka 1897, Uingereza ilipokuwa ikijitayarisha kumshangilia Malkia Victoria kwa kutimiza miaka sitini katika enzi, na wachuuzi wa kila namna wakitafuta cha kuuza kwa jina la sherehe ile, mfugaji mmoja wa wilaya ya Kent, William Cook, aliiingiza sherehe hiyo bandani mwake, akadhihirisha kuku wa madoadoa aliowapa jina la Orpington wa Jubilii.

Cook hakuwa mtu wa nasaba kubwa. Alizaliwa mwaka 1849, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi ya mabwana, na elimu yake ya kuku aliipata kwa macho na mikono. Sifa yake ilianza mwaka 1886 kwa kuku mweusi aliyeitwa kwa jina la mji wa Orpington, mchanganyiko wa damu tatu, Minorca, Langshan na Plymouth Rock. Wala hakumkusudia awe pambo, bali awe kuku wa mtu wa kawaida, atage hata wakati wa baridi kali, na siku ya kuchinjwa aijaze sufuria. Husimuliwa kwamba weusi aliuchagua kwa kuwa masizi ya London hayaonekani juu yake. Akafuata mweupe, kisha mwaka 1894 wa rangi ya dhahabu, na huyo wa dhahabu ndiye aliyewafunika ndugu zake wote.

Ama huyu wa Jubilii, uzuri wake hautambulikani kwa mbali; sisi watu wa pwani tungesema ana madoa ya kanga, tukamaliza. Lakini utwae unyoya mmoja wa mgongoni, uulaze kiganjani: utaona wekundu uliokolea kama ubao wa mkangazi, kisha utepe mweusi wenye mng'ao wa kijani, na nchani kabisa chembe nyeupe kama punje ya mchele.

Chembe hiyo ndiyo taabu yote. Ni urithi unaojificha, ambao kifaranga hauonyeshi ila akiwa ameupata kwa baba na kwa mama. Hivyo mfugaji anayemleta jogoo mgeni asiye na madoa ili kutia damu mpya, atawaona watoto wote wakikua bila doa, naye hana budi kuwapandisha hao kwa hao na kungoja wajukuu, ambao kwa wastani mmoja tu katika wanne atakuwa na doa. Tena weupe haukai mahali pamoja. Kila kuku apukutishapo manyoya na kuota mengine, chembe hupanuka, hata jogoo aliyeng'ara katika mwaka wake wa kwanza akaonekana mwaka wa tatu kana kwamba amemwagiwa unga. Ndiyo sababu wajuzi huwaweka kwa uzazi wale ambao katika ujana wao madoa yalikuwa haba, wale ambao mgeni angewapita bila kuwatazama.

Haikosi kusemwa pia kwamba watu wa Sussex, jirani wa Kent, walikuwa na kuku wa madoadoa wanaofanana mno na hawa. Kwa maoni yangu, Cook alikuwa mwuzaji hodari kadiri alivyokuwa mfugaji, na alielewa thamani ya jina lililotoka kwenye midomo ya watu wote mwaka ule.

Wakati huo huo mbegu yenyewe ilikuwa imekwisha kugeuzwa. Tangu mwaka 1891 Joseph Partington alikuwa akionyesha Orpington weusi wa manyoya tele, wakubwa kama mito ya kulalia, na waamuzi wakawapenda. Wenye maonyesho wakakimbilia manyoya, mayai yakapungua. Weusi wa namna ya kale waliopelekwa Australia walishika njia nyingine, na huko, katika shindano la mwaka 1922 hadi 1923, matembe sita walitaga mayai 1,857 kwa siku 365.

Jubilii hakupata shindano la namna hiyo. Cook alifariki mwaka 1904, wa dhahabu akaenea duniani, na wa madoadoa wakabaki kwa watu wachache wenye subira, ambao hata leo, manyoya mapya yakiisha kuota, humshika kuku mmoja mmoja, wakampanua bawa penye mwanga, na kutazama weupe umesogea kiasi gani tangu mwaka jana.