Manowari ya Gavana Katika Ziwa Tanganyika

Vijana wetu husoma habari za manowari kana kwamba ni habari za bahari za watu wengine. Hata hivyo, manowari moja ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ni yetu sisi Watanzania: MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, na sisi watu wa Kagera tuna sababu ya kulitafakari jina hilo. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka Mto Kagera pale Rusumo, kusini mwa Karagwe yetu, akaingia Rwanda. Kuanzia 1901 hadi 1906 alikuwa gavana wa koloni la Wajerumani. Ndiye aliyezima Vita vya Maji Maji kwa kuchoma vijiji na maghala, hata njaa ikaua wengi kuliko risasi. Huyo ndiye walioona anastahili kuenziwa kwa meli.

Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha Kigoma, ikaunganishwa upya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Baadaye ikapewa mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai mwaka huo.

Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Cape Town: kwa reli, kisha kwa matrekta, maksai na mabega ya Waafrika juu ya milima ya Mitumba, Kongo. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliiteka Kingani Desemba 1915, na Februari 1916 kikosi chake kikaizamisha Hedwig von Wissmann. Alipoiona Götzen yenyewe hakuthubutu kuikabili. Nishani alipata hata hivyo! Waliofyeka njia, wakajenga madaraja na kuvuta kamba, wengi wao hata majina hatuyajui. Mtumishi wa umma anayeandaa orodha ya watu wa kutunukiwa angefaa kuikumbuka safari hiyo.

Kinachochekesha ni kwamba mzinga ulioogopwa ulikuja kushushwa ukatumike nchi kavu, pakawekwa wa mbao. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi, baada ya kupaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, jina la kale la ziwa.

Utumishi wake mkubwa, kwa maoni yangu, haukuwa wa vita. Mwishoni mwa Aprili 1994, miaka mia moja baada ya gavana yule, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbilia Ngara. Vurugu za Maziwa Makuu zikasambaa hadi Kongo, na mwaka 1997 Liemba, pamoja na MV Mwongozo, ilirudisha makwao Wakongomani zaidi ya 75,000. Mei 2015 iliitwa tena, safari hii Kagunga, kijiji kisichokuwa na gati. Ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi ikawa inawapeleka wakimbizi wa Burundi, kundi baada ya kundi, wapandishwe kwenda Kigoma.